Kichwa cha Twyla

Jirani yangu Twyla Haugen ni mwoga; mbwa wetu akibweka tu, yeye hufunga mlango. Uoga huohuo ulimdumisha kazini, idara ya kompyuta ya serikali ya jimbo. Mkurugenzi wake, Prentiss, akiitwa na kamati ya bunge kueleza mipango ya mitambo, Twyla huketi kiti cha nyuma yake na kuitikia kwa kichwa kila bosi anaposema jambo. Ndiyo desturi yao pale. Wataalamu wazima, kazi yao kuitikia!

Februari ile waliitwa kuhusu mtambo mpya wa simu za dharura. Ule wa zamani ungezimwa Jumatatu. Twyla alikwenda kuujaribu mpya huko mashambani kaskazini: simu iliita, ikaita, ikakatika. Akamweleza Prentiss.

"Usinitie presha, Twyla. Tutarekebisha tukishawasha. Wewe itikia tu."

Mume wa Twyla, Delbert, figo zimekufa na husafishwa damu hospitali, na bima yake ya matibabu inatokana na kazi ya mkewe. Siku ya kikao Twyla akaketi kiti chake cha nyuma kama kawaida.

"Mtambo uko tayari, waheshimiwa," Prentiss alisema. "Kila kaunti."

Twyla alitaka kuitikia, Mungu shahidi. Shingo ikakataa.

Seneta Stenberg, mfugaji wa kaskazini ambaye husinzia kila kikao, akainua kidole.

"Ngoja kwanza. Mama hapo nyuma, miaka yote unaitikia mpaka nahofia shingo itachomoka. Leo vipi?"

Watu wakacheka. Prentiss akageuka, akamtolea macho.

"Mheshimiwa... naogopa."

"Unamwogopa nani? Huyu?"

"Huyu naye. Lakini zaidi naiogopa Jumatatu. Mke wako akianguka kule kwenu apige simu, hakuna atakayepokea. Nimejaribu mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Kamati ikaamua mtambo wa zamani usizimwe.

Jioni nilikuwa jikoni kwake. Alikuwa amepika viazi na nyama ya kusaga, hakuvigusa. Simu yake ikaanza kuita mezani. Prentiss.

"Iache," nikamwambia. Hata mimi niliogopa.

"Hapana. Mtu akipiga, apokelewe."

Akasikiliza, macho yameganda ukutani.

"Sawa, Bwana Prentiss. Vitu vyangu nitavifuata kesho."

Akaiweka simu taratibu, kisha akaniuliza kwa kunong'ona iwapo Delbert, aliyekuwa sebuleni, amesikia.