Bomba Lililopita Juu ya Duara

Nilipohitimu masomo ya jioni ya usimamizi wa miradi, nilijiona naweza kuibomoa Geita nzima Jumatatu na kuirudisha Ijumaa ikiwa mpya. Nikakabidhiwa kazi ndogo kuliko hiyo: kubadilisha bomba kuu la maji linaloelekea Katoro. Lile la zamani lilikuwa limeoza kiasi kwamba hata ukilisemesha linavuja. Lakini lilipaswa kuendelea kutoa maji huku tukilaza jipya kando yake, kama kumbadilishia mgonjwa shuka bila kumwamsha.

Sehemu moja ya njia yetu nyasi zilibaki za kijani kiangazi chote, mbuzi wa pale wamenenepa mpaka wanatembea kwa kupumzika. Maana yake tuliijua: bomba linavuja chini. Tusichojua ni maji yalikokuwa yakienda. Huku kwetu wachimbaji wakiliacha duara, yaani shimo lao la dhahabu, hulifunika kwa magogo na udongo ili wengine wasiliingilie, wakidhani watarudi. Wasiporudi, nyasi huota. Wapimaji wetu walipita juu ya moja la namna hiyo na mashine zao za kisasa, wakaandika kwamba ardhi ni imara.

Kijiko, mtambo wetu wa kuchimbia, kilipochimba pale, ardhi ikafunguka. Dereva aliruka kutoka kwenye kiti chake, naapa hakugusa ngazi.

"Bosi, hilo si shimo, ni koo!"

Tulisikia maji yakidondoka chini gizani. Mpango ulikuwa rahisi: mawe, zege, kazi iendelee. Lakini kabla gari la zege halijafika, akaja mama mmoja wa mashamba ya jirani, kabeba beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mmelipata duara la mwanangu."

Akaeleza bila kulia. Kifusi kilimfunika mwanawe humo, wenzake wakashindwa kumtoa, wakalifunika duara na kuhama. Kila aliyemuuliza ni wapi, alimwonyesha upande wake. Kwao, aliyefia nje ya nyumbani na mwili usipatikane huitwa jina pale alipolala, kisha udongo wa pale huchotwa ukazikwe nyumbani. Alitaka udongo huo kabla hatujamwaga zege. Akainama, akasikiliza.

"Hayo maji ni yenu?"

"Ni ya bomba la zamani, mama."

"Kwa hiyo muda wote huu mwanangu ananyeshewa."

Mimi, ninayeongea mpaka redio iombe nafasi, nilimwambia dereva maneno mawili tu: zege lisubiri.

Ili kijiko kifike chini bila kingo kumomonyoka, ilibidi tukate maji. Kukata maji ni kuikausha Katoro siku ya mnada.

"Bosi, watatuchemsha supu," dereva akasema.

"Supu bila maji?" nikamjibu, nikaenda kufunga koki kuu.

Mdondoko ukapungua, ukakoma. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ukimya uliopanda kutoka kule chini ulikuwa na ubaridi na harufu ya magogo yaliyooza. Mama akaita jina. Akasubiri, kama mtu anavyomsubiri mwenzake avae viatu.

"Baba, twende nyumbani."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mwite. Shimo ni lako sasa."

Nikaita. Sauti yangu ilirudi polepole, imelowa, haina hata chembe ya uchangamfu wangu. Dereva alivua kofia.

Mkono wa kijiko ukashuka taratibu, ukapanda na tope jeusi. Mama alilichota kwa viganja, akajaza beseni, akalifunika kwa kanga. Simu yangu ilikuwa inalia mfululizo. Watu wa Katoro walinitukana kwa lugha zote za Kanda ya Ziwa, na nyingine mbili nadhani walizibuni siku hiyo. Mama akajitwika beseni, akasimama kidogo.

"Una uhakika amekuja wote, hajabaki hata kidogo?"

Nikatazama tope lililobaki kwenye kijiko, kisha lile giza. Gari la zege lilikuwa limeshafika, tangi lake linazunguka.

"Tua, mama," nikasema. "Tuchote tena."

Nikamwashiria dereva ateremshe mkono.