Mnazi Uliopinda

Kila asubuhi yule Mdachi mchoraji huingia uani kwa Bi Biubwa, hapa Baleni, bila hodi. Hukunjua kiti chake, akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha, na kila akipaka rangi mara tatu huvipuliza vidole vyake visivyo na sugu hata moja, akavipa pole. Alasiri hujifungia katika ghala la mbata alilolipanga, akafunga hata dirisha linalotazama minazi, ili apate kuichora minazi. Picha ikitoka humo, mnazi huu umehama, ule umenyooshwa, na vibanda vya watu vimemezwa na majani.

Siku moja alikuja na picha yake, na shoka pia. "Mama, mnazi ule umepinda. Unaharibu picha. Ukatwe."

Bi Biubwa alikuwa akimenya muhogo. Moyo ulimlipuka, maana chini ya mnazi ule alizika kitovu cha mwanawe Hemedi, na mnazi wa kitovu haukatwi mwenyewe angali hai. Lakini hakuinuka.

"Bwana, huko ghalani umeng'oa minazi mingapi, na jasho halikukutoka? Huu nao kaung'oe huko huko. Wa hapa ukiugusa, utaanza na mimi."

Mchoraji akakitazama kisu cha muhogo. Akaliweka shoka chini, akaufuta mnazi pichani kwa kidole gumba, akashusha pumzi kama aliyelima konde zima, kisha akaomba maji. Bi Biubwa akampa dafu la mnazi ule ule. Akalinywa lote, asiulize limetoka wapi.