Sahihi Tulizomnyima

Amefariki. Habari nilizipata Jumanne asubuhi katika duka la simu kule mtaa wa Point, nikisubiri kubadilishiwa kioo. Fundi, Mrundi mpole asiyependa maneno mengi, alipunguza redio akaniambia, "Mzee, yule mama wa parlement, yule wa matete, ametutoka." Nilikaa juu ya kreti ya soda. Simu niliisahau palepale, nikarudi kuichukua kesho yake.

Kwa msomaji asiyemjua: alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo letu, Mzulu, mzaliwa wa mji huu tuliokimbilia, na miaka yake yote bungeni aliitumia kuitafutia kinga ya sheria ardhi iliyobaki. Kipande cha msitu wa pwani kilichokaribia kufanywa maegesho ya magari kingali kimesimama kwa sababu yake. Wachimba mchanga wa mtoni walimwona kama ugonjwa. Mimi nilimfahamu saluni, alikokuja kusukwa na dada zetu Wakongo. Saa nne nzima kichwa kilikuwa mikononi mwao, mdomo ukabaki huru, naye akautumia kuwaeleza habari za kinamasi kilichoko bondeni, mwendo mfupi wa taxi kutoka mtaa wa Overport. Siku moja aliomba beseni na sponji ya kuoshea vyombo, akamimina maji juu yake. "Haya ndiyo matete yenu," akasema. "Yanakunywa mvua kabla haijafika vitandani mwenu." Kisha akaikamua, maji yakamlowesha viatu, saluni nzima ikacheka. Nami, mkalimani wa kujitolea, nilicheka kuliko wote.

Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa inakitaka kinamasi hicho. Yeye alitaka kitangazwe hifadhi, na kamati ya bunge ilidai ushahidi kwamba wakazi wametaka hivyo. Akaitisha kikao katika ukumbi wa kanisa letu. Tulifurika! Akina mama walikuja na lenga-lenga, mchicha wetu, waliyoilima ukingoni mwa kijito, wakaimba, wakampigia vigelegele. Alikuwapo dada mmoja anayeishi na wanawe watatu katika chumba cha chini, pale pale maji yanapoteremkia, naye alilia alipoeleza jinsi godoro lake lilivyoelea. Ndipo ikazungushwa karatasi ya mahudhurio: jina, anwani, sahihi.

Karatasi ilianzia mbele. Ndugu mmoja wa safu ya mbele alisimama kwa heshima akasema, "Mama, tunakupenda sana, lakini jina yangu haiwezi kuingia mu karatasi ya gouvernement. Papier yangu ilisha-expirer. Eish, batanikamata." Nikatafsiri. Wengine hawakuhitaji hata kusema. Sisi tuliokimbia tunaijua orodha. Wapo miongoni mwetu ambao ndugu zao walitafutwa nyumba kwa nyumba kwa orodha iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Karatasi ilipita safu zote ikarudi mezani na jina moja tu, la mlinzi wa ukumbi.

Hakutugombeza. Laiti angetugombeza! Aliikunja ile karatasi akasema taratibu, "Kamati haitaniuliza kama mliimba. Itaniuliza majina yako wapi. Mnaniamini mimi, karatasi yangu hamuiamini, na mimi ndiye nitakayekufa, karatasi ibaki." Hayo nayo nikayatafsiri neno kwa neno. Sasa niungame. Kibali changu kilikuwa halali, kingali halali hadi leo. Kalamu ilikuwa mfukoni. Nilijiambia kwamba mkalimani hana upande, nikampa mwenzangu karatasi ipite. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwepo, tena hadi madirishani, na letu halikuwepo.

Kamati iliandika kwamba wakazi hawakuonyesha nia. Aliendelea kupigania jambo lile peke yake hadi mwili ukamshinda, na hakuna mjumbe mwingine aliyelichukua. Nilishuka bondeni Alhamisi. Malori ya ile kampuni yanamwaga kifusi juu ya matete, na mahali palipokuwa na lenga-lenga pamesawazishwa. Yule dada alinishika mkono wa shati. "Papa, mvua iko karibu. Maji ikikuja, nitaenda wapi na batoto?"

Jumamosi tulimwombea katika ukumbi uleule. Mlangoni palikuwa na meza, kalamu, na kitabu cha rambirambi kilicholetwa na ofisi yake, chenye nembo ya serikali juu ya jalada. Foleni ilifika barabarani. Ndugu yule wa kibali kilichokwisha aliandika jina lake kamili, anwani, hata namba ya simu, akatia sahihi huku machozi yakidondokea karatasi. Yule dada naye aliandika, na chini yake majina ya wanawe wote watatu. Hakuna aliyeuliza kitabu kinapelekwa wapi. Nilipofikiwa na zamu, nilitafuta nafasi katika ukurasa wa tisa. Nilichojifunza ni hiki, na nimekijua nikiwa nimechelewa: anayekupigania huhitaji jina lako angali hai. Jumatatu malori yalirudi kazini, na kile kitabu chenye majina yetu sote hakuna kamati itakayokifungua.