Watoto Saba Niliowaficha Siku ya Inspekta

Ualimu niliuanzia katika shule ya udongo na majani, kwenye barabara ya Bafwasende, nusu siku kwa pikipiki kutoka Kisangani. Nilikuwa na darasa la tatu, watoto arobaini na wawili, na hofu moja: inspekta. Mara ya kwanza alikaa nyuma ya darasa, akaandika weee, akafunga daftari bila kunitazama. Ripoti ikatoka mbaya. Direktere wetu, mkuu wa shule, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Mwalimu, akikuandika mubaya tena, darasa yako nitapatia mwingine. Sina namna."

Basi nikajiona tayari niko Makiso, katikati ya Kisangani, nakanyaga toleka, nabeba abiria kwenye baiskeli mbele ya watu niliosoma nao. Barua ya ziara ya pili ilifika Jumatatu, inspekta mwenyewe angekuja Alhamisi. Siku hizo tatu maandalizi ya somo niliyaandika upya mara nne, na kila mara mwandiko ulizidi kuwa mbaya.

Halafu nikafanya walichokuwa wakifanya walimu wa barabara ile. Hakuna aliyekufundisha, unaona tu wenzako. Watoto wanaosita kujibu, siku ya inspekta unawapa kazi ya mbali. Wangu walikuwa saba. Niliwatuma kijitoni kuchuma majani ya kuezekea paa, na niliwaambia wazi, aibu yangu mpaka leo: "Nyinyi mutaniharibia. Mutarudi kesho."

Somo lilikuwa nusu na robo. Nilikata papai mbele ya darasa, mikono ikainuka, majibu yakaja yote. Nilikuwa nikiwauliza walewale watano. Mwishoni inspekta akafungua kitabu cha mahudhurio.

"Saba iko wapi?"

"Iko na homa, Papa Inspekta."

"Bote?" Yaani wote, kwa Kiswahili chake cha Kisangani.

"Malaria ilipita huku."

Aliandika kitu, akanipa mkono, akasema somo lilikwenda vizuri, akawasha pikipiki kurudi mjini. Hapo ndipo akili ilinirudia. Njia ya mjini inavuka kijito kilekile, kwenye daraja la magogo ambapo kila mtu hushuka na kusukuma. Mjinga gani huficha watoto kwenye njia ya mtu yuleyule asiyetaka awaone? Nilisimama mlangoni na kifutio mkononi, nikisikiliza mlio wa pikipiki. Ulikwenda, ukapungua, ukazimika. Nilingoja uanze tena. Haukuanza. Nikaketi juu ya dawati.

Alirudi akisukuma pikipiki, na mbele yake watoto saba wenye mizigo ya majani kichwani. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Banasema beko bazima," alisema. "Bon. Bafundishe somo ile ile. Minakaa."

Papai lilikuwa limeshaliwa na wenzao, waliokwisha kwenda nyumbani. Nilifundisha kwa chaki tu, kisha nikamuuliza msichana mdogo kuliko wote anionyeshe robo. Yeye sikuwa nikimuuliza kamwe, kwa sababu alichelewa mno kufungua mdomo. Akautazama mzigo wake. Nikafungua kinywa nimjibie, kama kawaida yangu.

"Ngoja," inspekta alisema kutoka nyuma.

Nikangoja. Nafikiri ilikuwa mara yangu ya kwanza kumngoja mtoto. Msichana alifungua mzigo wake, akagawa majani mafungu mawili, kila fungu akaligawa tena mara mbili, akanisogezea moja.

"Robo, mwalimu."

Inspekta hakuniandika vizuri wala vibaya. Alisema atarudi baada ya miezi miwili, atakaa kwenye benchi la hawa saba, na hatamuuliza mtoto mwingine yeyote. Mpaka siku hiyo darasa lilibaki langu. Alipoondoka nilipumua kwa nguvu hata watoto wakacheka, nikawaambia waache majani pale, waende nyumbani.

Sita walitoka mbio. Yule mdogo alibaki akifunga mzigo wake upya, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Safari hii nilimngoja bila kuambiwa. Alipomaliza aliniinulia macho.

"Mwalimu, siku inspekta atarudia, tutaenda tena ku majani?"

Hakuwa akinisuta. Alitaka tu kujua, ili amwambie mama yake.