Mbwa Alipojitupa Majini

Nilizaliwa Kibirichia, kwa wakulima wa viazi, na sikuwahi kujifunza kuogelea. Kwa hivyo mume wangu alipostaafu ualimu akanunua mashua kuukuu ya tanga, akasema tutaishi ndani yake kwenye bwawa la Mto Tana, kule chini Mbeere, mama yangu aliuliza kwa simu, "Kwani nyumba ya Embu imeanguka?"

Haikuwa imeanguka. Tuliifunga tu, tukabeba jiko la gesi, godoro, mbwa na paka.

Paka alizoea siku ya kwanza. Mbwa ndiye aliyetusumbua. Alikataa kabisa kujisaidia ndani ya mashua, ikatubidi kumpeleka nchi kavu asubuhi na jioni, na ukingo wa bwawa lile una mamba.

Siku moja upepo ulianza mapema ukazidi kuwa mkali. Mbwa alizunguka akilia, amebanwa.

"Huyu hawezi kungoja," nikasema.

"Tukigeuka sasa tanga litapasuka," mume wangu akajibu, mikono yote miwili kwenye usukani. "Avumilie kidogo."

Nikamwonea huruma. Nikamfungua kamba ili angalau atembee. Ndege mmoja akapita chini chini karibu na maji, na mbwa akamfuata. Nilisikia chubwi, basi.

"Usimwondolee macho!" mume wangu akapiga kelele. "Nyoosha kidole alipo, usishushe mkono!"

Nikakumbatia mlingoti, nikanyoosha mkono. Kichwa chake kilikuwa kidogo mno. Wimbi linakifunika, kinarudi, linakifunika tena. Mashua ikaanza kugeuka polepole, tanga likipiga kwa kishindo. Ndipo nikaona, kando ya matete, kitu nilichodhani ni gogo kikiteleza na kuingia majini bila sauti.

Sikusema. Nilijua nikimwambia mume wangu, ataachia usukani.

Aliangusha tanga lote kwa mkupuo mmoja, tukasukumwa na upepo hadi kwa mbwa. Nililala kifudifudi, nikamshika ngozi ya shingo. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Mume wangu akanivuta miguu, na sote watatu tukaangukia ndani.

Tulikaa hapo sakafuni muda mrefu, mbwa akikohoa maji mapajani mwangu.

"Ni mimi nilimfungua," nikasema.

Aliuliza, "Ulimwona mamba?"

"Nilimwona."

"Mimi pia." Akafuta uso kwa kiganja. "Niliogopa ukimwona utashusha mkono."

Tulikaa bwawani miezi mitano zaidi. Upepo ulipoanza tu, mbwa alishuka chumbani mwenyewe, akajibanza kando ya paka, na paka, ambaye hakuwahi kumpenda, alimwachia nafasi.