Mwenye Malkia na Mwenye Farasi

Mjukuu wangu anaandika haya kwa sababu mimi sikusoma. Akimaliza atayapeleka Laare kwa ndugu yangu mdogo, amsomee kwa sauti kubwa, maana masikio yake yamechoka kama magoti yangu. Nimemwonya asiongeze neno la kunipamba.

Wakati bwawa la Kiambere lilipokuwa likijengwa, nilikuwa mpishi katika kambi ya wafanyakazi, na ndugu yangu alikuwa akifunga vyuma. Kila aliyekuja kula alionyesha kadi. Sikuweza kusoma kilichoandikwa juu yake, lakini nilijua rangi ya kila wiki, na asiyekuwa na rangi hiyo hakuonja hata ukoko. Siku moja ndugu yangu aliisahau kadi kitandani. Nilimrudisha mbele ya watu wote, akaingia zamu bila kula. Watu wakanisifu kwamba sina upendeleo. Nikazipenda sifa hizo kuliko ilivyonipasa.

Chesi tuliletewa na mpima ardhi mmoja. Alipoondoka alituachia ubao, na seremala akachonga vipande vilivyokuwa vimepotea. Nilijifunza kwa kutazama, nimesimama na mwiko mkononi. Kucheza sikucheza sana. Nilichoweza ni kuutazama mchezo uliokatika na kusema nani amesimama vizuri zaidi. Michezo mingi ilikatika, kwa kuwa king'ora cha zamu kilipolia watu waliacha kila kitu. Zege halimngoji mtu. Hapo wachezaji walichagua mwamuzi, na neno lake likawa la mwisho.

Ujenzi ulipokaribia kwisha, wafunga vyuma walianza kupunguzwa. Msimamizi mmoja akatangaza kwamba mshindi wa mashindano ya chesi atafundishwa kuendesha kreni, kwa sababu alitaka mtu anayefikiri kabla ya kusogeza kitu kizito. Walibaki wawili: ndugu yangu, na kijana mmoja wa stoo, mtu wa Embu, mwenye maneno mengi. King'ora kililia mchezo ukiwa katikati. Msimamizi alitaka jina mchana ule ule, kabla ya kufunga orodha ya wanaopunguzwa.

"Mpishi aamue," yule wa stoo akasema.

"Si ni ndugu yake wa tumbo moja huyo?" mtu akauliza.

"Huyu? Huyu hata mama yake akija bila kadi atashinda njaa!"

Wakacheka. Ndugu yangu naye akacheka. "Kaka, tazama vizuri," akaniambia. "Usitazame kama mtu anayehesabu sahani."

Nikatazama. Yule wa stoo alikuwa na malkia, ambaye hakuna kipande kinachomshinda nguvu, pamoja na askari watatu. Ndugu yangu alikuwa amemtoa malkia wake kwa makusudi, akabaki na ngome, farasi na askari watano. Mgeni wa mchezo angesema mwenye malkia ameshinda. Mimi nilikuwa nimezoea kutazama kwanza ni mfalme yupi anayelala kwa amani. Mfalme wa ndugu yangu alikuwa amejikinga nyuma ya askari wake. Wa mwenzake alikuwa uwanjani, wazi pande zote. Malkia yule alikuwa kama mama aliyeachiwa shamba, ng'ombe na watoto peke yake: nguvu anazo, lakini akikimbilia huku, kule kunaharibika. Askari mmoja wa ndugu yangu alikuwa amebakiza hatua tatu tu afike mwisho wa ubao, mahali ambapo askari hugeuka malkia. Farasi alimlinda, na ngome ilikuwa nyuma yake ikimsukuma. Tena zamu ilikuwa ya ndugu yangu.

Niliona kwamba yeye ndiye aliyesimama vizuri zaidi. Niliona wazi. Kisha nikainua macho. Wale wanaume hawakuwa wakiutazama ubao. Walikuwa wakinitazama mimi, nami nikasikia kabla hayajasemwa yale ambayo wangeyasema jikoni kwangu kesho yake: amempa ndugu yake.

Nikasema, "Mwenye malkia."

Ndugu yangu alivirudisha vipande sandukuni kimoja kimoja, farasi akiwa wa mwisho. "Sawa, kaka," akasema. "Kadi sina."

Mwezi haukuisha kabla hajapunguzwa. Alirudi Laare, akachuma miraa katika mashamba ya watu mpaka miguu ikakataa kupanda miti. Yule wa stoo alifundishwa kreni, na nimesikia aliifanya kazi hiyo mpaka uzee wake. Simlaumu. Mimi nilibaki huku Mbeere. Tukikutana matangani ndugu yangu huniuliza habari za mvua, nami humuuliza habari za miraa, tukamaliza. Hajawahi kuniuliza habari za siku ile. Afadhali angeniuliza, nimechoka kumjibu peke yangu.

Juzi mjukuu huyu alikuja na ubao wa chesi kutoka shuleni. Nikampangia vipande kama vilivyokuwa.

"Babu, una uhakika farasi alikuwa hapa?"

"Nitasahau jina lako kabla ya kumsahau farasi huyo."

Akaiuliza simu yake. Akatabasamu. "Simu inasema sawa kwa sawa, babu. Hakuna aliyekuwa mbele. Kwa hiyo huna kosa."

Nilimwambia simu haikusimama pale na mwiko mkononi. Niliulizwa mimi nimeona nini, nami nikasema nisichokiona. Hata hayo ya simu nimemwamuru ayaandike, ndugu yangu asije akadhani nimemficha kitu.

Basi ndugu yangu, sikia. Niliona kwamba umesimama vizuri zaidi, na niliogopa midomo ya watu waliokuja kwangu kula ugali tu. Kreni siwezi kukurudishia, wala miaka. Mtoto huyu amebeba ubao. Atavipanga vipande kama vilivyokuwa, na yeye atashika upande wa malkia. Zamu ni yako. Usiharakishe, hakuna king'ora. Lakini ametoka mbali. Kabla hamjaanza, mpe chakula. Kadi hana.