Betri Nilizomharibia Mama Furaha

Volkano ilipokata simu zote, jirani yangu Mama Furaha alibaki na redio ya kuongea tu ili kumtafuta mumewe, dereva aliyekwama kati ya waasi kwenye barabara ya Kalengera. Betri zake za kuchaji zilikuwa zimekufa. Mimi, fundi wa mtaa wa Ndosho mwenye sifa nyingi kuliko ujuzi, nikaziondoa, nikaweka za tochi, nikawasha chaja.

"Papa fundi, haitaharibika?"

"Mama, hii ni kazi yangu."

Zikavimba, zikapasuka, zikamwaga maji makali yaliyoiua redio. Majirani waliokuja kusikiliza habari za mumewe wakarudi nyuma. Mama Furaha akaokota betri moja, akaifuta kwa kitenge, akasoma polepole.

"Papa, hapa bameandika hazichajiwi."